Pikapu ya Mama Mkwe

South End ya Louisville si mtaa wa watu wanaoshangaa ovyo. Huko mtu hurudi kutoka zamu ya usiku wakati jirani yake ndio kwanza anafunga kamba za viatu, na kila mmoja ana lake. Hata hivyo, vuli ile majirani wa Kavugho walianza kuchungulia madirishani. Kila Jumamosi mjane huyo wa makamo, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, mwenye goti bovu na mdomo usiopenda maneno mengi, alipanda nyuma ya pikapu nyekundu iliyoegeshwa mbele ya nyumba za kupanga, akajifungia humo, na ikasikika nyundo. Mmoja alidhani anajenga banda la kuku. Mwingine alisema maskini, ni tangu mumewe afe, akili imeanza kumtoka.

Hakuna aliyemuuliza. Huo ndio ustaarabu wa huko, watu wanakuonea huruma kwa mbali. Kama wangeuliza, angewaambia kwamba anajijengea chumba cha kulala huko Buffalo, nje ya mlango wa binti yake, katikati ya majira ya baridi. Labda ni heri hawakuuliza.

Pikapu ilikuwa ya Jules, mumewe. Majira ya joto Jules alikuwa akikata majani kwenye nyua za watu, na mashine zake zilikaa nyuma, chini ya lile paa la faiba ambalo Kavugho aliliita kofia. Jules alifariki ghafla, moyo ulisimama akiwa kazini. Mashine zilipata mnunuzi, lakini pikapu Kavugho aliikatalia. Jumapili baada ya ibada alikuwa akienda kukaa ndani yake, kwenye kiti cha abiria, kile alichokalia siku zote, akafunga mlango na kunusa petroli na majani makavu. Kisha alipanda ngazi kwenda kwenye nyumba yake yenye kiti kimoja tu kinachotumika, akala chakula cha mtu mmoja. Alikuwa mpweke, na alilijua jina la ugonjwa wake. Dawa yake iliishi Buffalo, na iliitwa Gloire.

Gloire ni binti yake wa pekee. Aliolewa na Mugisho, kijana wa Bukavu aliyekulia kambini Uganda na sasa anafanya kazi kiwandani, na wanakaa West Side, kwenye moja ya zile nyumba kuukuu za mbao zinazoegemeana mabega. Binti ana nyumba, nyumba ina chumba cha wageni, mama ana hamu. Mtu wa mbali angeuliza, sasa tatizo liko wapi?

Tatizo ni paa. Kwao Kavugho, kwenye milima ya Lubero, mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana kwenye kijia mmoja hupisha majanini. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito kuliko ile ya kanisani. Wapo wanaosema mambo hayo yaliachwa njiani wakati wa kukimbia vita, pamoja na masufuria. Kavugho aliacha nyumba, shamba, ndugu na kaburi la mama yake. Hili hakuliacha, kwa sababu halikuwa kitu cha kubeba mikononi.

Ndiyo maana Gloire alipojifungua mtoto wa kwanza, Aksanti, Kavugho alienda Buffalo lakini akafikia kwa Margareta, mama mmoja wa kanisa anayekaa Riverside, kule kaskazini karibu na mto. Asubuhi alipanda basi la mji kwenda West Side, jioni akarudi kulala. Mambo yalikwenda sawa hadi theluji ya ziwa, ile inayoletwa na upepo wa ziwani, ilipokuja. Wasioijua Buffalo hawawezi kuelewa. Kavugho alidhani anaijua baridi, maana Lubero ukungu huingia hadi kitandani, lakini ile ilikuwa kama mtu amemwaga unga wa dunia nzima juu ya mji mmoja. Mabasi yalisimama, barabara zikafungwa. Mugisho alikwama kiwandani pamoja na wenzake wa zamu. Na Gloire, aliyekuwa ametoka kupasuliwa, alibaki peke yake na kichanga, akijikokota kutoka kitandani kwenda jikoni huku ameshika mshono.

Barabara zilipofunguliwa, Kavugho alimkuta bintiye amekaa kwenye ngazi za ndani, nywele hazijachanwa. Gloire hakulia wala hakugomba. Alisema tu: "Ulikuwa Riverside, Mama. Riverside." Tangu siku hiyo simu zao zilikuwa fupi, za hali ya hewa na afya, kama watu wawili wanaosubiri foleni moja.

Sasa Gloire alikuwa na mimba ya pili, ya kujifungua mwezi wa kwanza, na daktari alikwisha kusema ni kisu tena. Alipiga simu mwenyewe. Alisema maneno machache, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. "Kama unakuya, unalala mu nyumba. Kama ni Riverside tena, afadhali ubakie kwako."

Kavugho alikaa na maneno hayo wiki nzima kazini kwake ghalani, akibandika lebo kwenye maboksi. Kulala ndani hawezi. Riverside haendi tena hata kwa kuburutwa. Kutokwenda kabisa ni kumzika binti akiwa hai. Kisha wakati wa chakula, mzungu mmoja wa zamu yake, mwindaji wa kulungu, akamwonyesha picha kwenye simu: pikapu msituni, theluji hadi magurudumuni, na yeye mwenyewe ametoa kichwa nyuma akicheka na kikombe cha kahawa. Analala humo? Analala humo, msimu mzima wa kuwinda. Kavugho aliiangalia picha ile mpaka mwenye simu akaanza kuona haya.

Mwindaji alimfundisha kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, maana Kiingereza cha Kavugho kilikuwa kidogo na chake yeye kilikuwa kinapita puani. Alimwelewesha kwamba baridi ya gari haitoki juu, inatoka sakafuni, kwa hiyo aanzie chini. Tena chupa ya maji ailaze kichwa chini miguu juu, kwa sababu barafu huanzia juu, na mdomo wa chupa ukiwa chini maji yatatoka asubuhi.

Basi akaanza. Alinunua mbao za povu gumu la rangi ya waridi, akazikata kwa kisu cha kukatia nyama, akatandika sakafu, akapandisha ukutani, akamaliza kwa dari. Juu ya povu akaweka plaiwudi. Kitanda alikiinua juu ya makreti ya plastiki, na ndani ya makreti akapanga unga, dagaa, na sombe, majani ya muhogo, iliyogandishwa, akijua kwamba safari hiyo friji halitahitajika. Akaweka godoro la sponji, mfuko wa kulalia wa wawindaji, blanketi mbili nzito, na pazia la kitenge kati ya kitanda na mlango wa nyuma. Alinunua hita ndogo ya gesi na king'ora cha hewa ya sumu. Mbabula, lile jiko la makaa, hakuthubutu hata kuifikiria. Kwao kila mwaka kuna familia inayolala na mbabula na isiamke. Mwisho akaweka kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja, mto mmoja, na ndoo yenye mfuniko ambayo hatutaijadili.

Alipomaliza, aliingia, akafunga, akawasha tochi, akaona mwanga unapenya hapa na pale. Kavugho alilelewa kwa methali kama wengine wanavyolelewa kwa maziwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lubero mama yake alipita nyumba nzima kila msimu wa mvua na udongo mkononi, akiziba. Naye alipita na utepe wa gundi. Akaziba pembe, akaziba kidirisha cha ubavuni, akaziba hata pale ambapo nyaya za taa hupita. Tochi ilipozimwa giza likawa kamili. Alijisikia fahari ambayo hakuwa ameisikia tangu msiba. Akatamani Jules aone.

Kutoka Louisville hadi Buffalo ni safari ndefu kwa mtu mwenye goti bovu, kwa hiyo alikatisha safari Columbus, kwa Ladislaus. Huyu ni Mhaya wa Bukoba, dereva wa malori makubwa, aliyefanya kazi pamoja na Jules zamani, na mpaka leo anamwita Kavugho shemeji. Yeye na mkewe walikwisha kutandika chumba. Kavugho akasema asante, atalala kwenye gari, anataka kulijaribu.

"Shemeji," Ladislaus akasema, "hapa hakuna mkwe wako. Ingia ulale kama mtu."

Alikataa kabisa. Ladislaus alicheka, akasema Wakongo wana vichwa kama mawe ya kusagia, akamtakia usiku mwema.

Alfajiri Kavugho aliamshwa na mvua. Matone yalimdondokea kwenye paji la uso, kwenye shingo, kwenye mfuko wa kulalia. Alidhani kofia imepasuka. Akafungua mlango, akakuta nje kukavu, nyota bado zinaonekana, baridi inauma masikio. Mvua ilikuwa ndani tu. Dari yote ilijaa matone, povu la waridi lilikuwa linatiririka, blanketi zilikuwa nzito kama nguo za mtoni. Alikaa kwenye ukingo wa pikapu na kulia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana alifikiri kazi ya vuli nzima imeharibika na binti yake anasubiri.

Ladislaus alitoka na kikombe cha chai, akachungulia ndani, akapapasa dari, akapita kidole juu ya ile tepe iliyopangwa vizuri kona kwa kona. Hakucheka safari hii. Alimweleza kwamba mvua ile ilikuwa pumzi yake mwenyewe. Usiku kucha alipumua, na hita ya gesi nayo ikatoa mvuke wake. Mvuke ukatafuta pa kutokea, ukakosa, ukageuka maji kwenye dari ya baridi. Kwenye kibini cha lori walimfundisha hilo mwaka wa kwanza: baridi kavu mtu anaivumilia, baridi ya majimaji ndiyo inayoua. Tena hita ya gesi bila hewa inaweza kumuua mtu hata kabla ya baridi. Kavugho akamjibu kwa methali yake. Ladislaus akatikisa kichwa.

"Methali ni ya nyumba, shemeji. Nyumba ina mlango unaofunguliwa kila saa. Hapa ufa mwingine ni pua."

Alibandua tepe ya kidirisha, akakiacha wazi upana wa kidole. Kisha akapanda juu na mashine ya kutobolea, akatoboa tundu kwenye kofia ya Jules, akalivalisha kifuniko cha kupitisha hewa kisichoingiza theluji, alichokuwa nacho gereji. Kila mzunguko wa ile mashine ulimchoma Kavugho kifuani. Blanketi zilikaushwa mchana kutwa kwenye mashine ya mke wa Ladislaus. Usiku wa pili ulikuwa mkavu, na pua yake ilikuwa baridi, lakini mwili wote ulikuwa na joto.

Alifika West Side mchana, theluji ya zamani imelundikwa pembeni mwa barabara, nyeusi kwa moshi. Aliiingiza pikapu kwenye kichochoro kando ya nyumba, karibu kabisa na dirisha la jikoni. Gloire alitoka barazani, tumbo mbele, Aksanti ameshika sketi yake. Kavugho alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miezi. Akafungua mlango wa nyuma, akavuta pazia, akawasha taa ndogo, akaonyesha kitanda, hita, povu, tundu la juu. Alieleza kwamba hatakuwa Riverside. Atakuwa hapa, hatua chache, akiitwa anasikia.

Gloire aliangalia kwa muda mrefu. Uso wake haukufunguka.

"Hii njo Riverside, Mama," alisema. "Umeiweka tu matairi."

Akaingia ndani. Mtoto alibaki, akajaribu kupanda.

Gloire alipasuliwa salama na akarudi na mvulana mnene mwenye ghadhabu. Kazi zote za nyumba zilimwangukia Kavugho, na alizipenda. Alipika uji, alikanda mgongo wa bintiye, alimwogesha mtoto. Lakini maisha yalikwenda kama mchezo wa kujificha. Mugisho alipoondoka asubuhi, Kavugho aliingia kwa mlango wa nyuma. Mugisho aliporudi jioni kwa mlango wa mbele, Kavugho alitoka kwa wa nyuma. Gloire alikuwa akiwatazama kwa jicho la mtu aliyechoka na wote wawili. Usiku mtoto alipolia, Kavugho alimsikia vizuri kupitia kile kidirisha cha upana wa kidole. Alisikia na nyayo za Gloire, polepole, za mtu mwenye kidonda. Kulikuwa na kuta mbili tu kati yao. Akajilaza akishika blanketi kwa ngumi, akimwambia Jules kwamba afadhali Riverside, kule angalau hakusikia.

Kuhusu mkwe, hakujua amweke wapi. Watoto waliokulia kambini, alidhani, hawana habari na adabu za kale. Lakini siku ya tatu alikuta ekstensheni imetolewa kwenye dirisha la chini ya nyumba, imefungwa vizuri dhidi ya maji, na mwishoni mwake kuna blanketi la umeme, jipya. Kila asubuhi theluji ilikuwa imefagiliwa juu ya kofia, hasa pale penye tundu, na nyayo kubwa za buti zilizunguka gari na kurudi. Yule mtu mwenyewe hakumwona, hata kivuli.

Aksanti, ambaye hakujua mila wala kisu, aliipenda pikapu kuliko nyumba. Aliiita nyumba ya Tate, kama wanavyomwita bibi huko Kivu. Mchana mmoja alilala humo na Kavugho, wote wawili chini ya blanketi, na Kavugho akalala usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata tangu awe mjane. Aliamshwa na kishindo. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka kitandani, paji la uso limevimba, analia. Gloire alikuja hadi barazani ameshika tumbo, akampokea mtoto, akasema kuanzia leo Aksanti hatalala tena ndani ya gari, basi. Alisema kwa upole. Kavugho aliitika. Kikombe kimoja, mto mmoja. Alijiambia kwamba hata yeye mwenyewe alipokijenga kile kitanda alikijenga cha mtu asiye na watu.

Kisha ikaja habari ya theluji ya ziwa. Kiwanda kiliwarudisha watu mapema, na mchana haujageuka jioni vipande vikubwa vilianza kuanguka, vizito, vya mfululizo, mpaka nyumba ya jirani ikatoweka. Gloire alisimama barazani, kwenye mlango wa nyuma, mtoto kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Alimwambia mama yake kwamba gari litafunikwa lote, mlango hautafunguka, watamchimbua kama kiazi. Alimwomba aingie. Kavugho alimjibu kwamba hawezi, akavuka ule uwanja mdogo, theluji ikimfika gotini, akajifungia. Alijua kwamba sasa anampoteza binti mara ya pili, kwa macho yake, kwa hatua chache tu.

Mlango wa nyuma wa pikapu uligongwa kwa mpini wa koleo.

Alifungua. Mugisho alikuwa amesimama kwenye theluji, amempa mgongo, kofia ya sufu imefunika masikio, blanketi limekunjwa kwapani. Hakugeuka hata kidogo. Aliongea kuelekea barazani, kwa mkewe, kwa sauti ya kushinda upepo, ingawa mama mkwe alikuwa karibu naye kuliko mke.

"Gloire, uambie mama, mila imekataza kulala mu nyumba moja. Haikusema mama njo atoke inje. Nyumba ni yake. Mimi nitalala humu."

Kavugho alikaa na maneno hayo, theluji ikimwingia usoni. Miaka yote aliyoishi, hakuwa ameifikiria mila upande ule. Kwao hakuna mwanamume aliyewahi kuachia nyumba yake. Akajikuta naye anaelekeza macho barazani.

"Gloire, umuulize mukwe wangu, na baridi je?"

"Uambie mama, kambini nililala pahali pabaya kupita hapa."

"Umuambie asizibe tundu ya juu. Na kidirisha akiache wazi kidogo. Hita aizime mbele ya kulala."

Gloire, katikati yao, na maneno yote yamekwisha kusikika kabla hajafungua mdomo, alianza kucheka. Alicheka akishika mshono, akiwaomba wanyamaze, akisema watampasua. Mama yake hakuwa amesikia kicheko hicho tangu kabla ya Riverside. Kavugho alishuka, akazunguka mbele ya gari ili wasikutane, Mugisho akazunguka nyuma, na kila mmoja akaingia kwenye nyumba ya mwenzake.

Jioni ile mama na binti walikaa jikoni, mtoto mmoja kwa kila mmoja wao, na theluji imeziba dirisha hadi nusu. Kavugho alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Siku ile ya Riverside alikuwa amevaa buti na koti tangu alfajiri, na mara mbili Margareta alimzuia mlangoni kwa mikono yake. Gloire alisema siku ile alikuwa anaangalia mlango tu, saa zote, mlango tu. Kisha akampa mama yake kichanga, akaenda kulala, na akalala kweli.

Ikawa hivyo hadi mwisho. Mugisho alirudi kutoka kazini, akaoga, akala, akaenda kulala nje; Kavugho akakaa ndani. Ilikuwa neema kubwa, na alimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini upweke hauna adabu, humfuata mtu hata kwenye nyumba yenye joto. Jioni alisimama dirishani akiona mwanga mwekundu wa kitenge chake, na mtu mwingine ndani yake. Pale ndipo ilipokaa harufu ya Jules. Chumba cha wageni kilinukia sabuni. Wakati mwingine alisikia kama mtu anapiga piga mbao huko nje, akadhani ni upepo.

Likizo ya kazini ilikwisha. Asubuhi ya kuondoka Mugisho alikwisha kwenda zake mapema, kama inavyopasa. Kichochoro kilikuwa kimefagiliwa hadi lami, na injini ya pikapu ilikuwa inanguruma, imepata moto. Gloire alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akamshukuru kwa kila kitu, kwa uji, kwa mgongo, kwa watoto. Kuhusu kurudi hakusema neno. Kavugho hakuuliza. Aksanti alililia gari, akabebwa ndani. Njia nzima ya Ohio, kati ya mashamba meupe, Kavugho aliyarudia yale maneno ya shukrani na kuona kwamba ni maneno ambayo mtu huambiwa akimaliza kazi.

Alifika kwa Ladislaus jua bado halijazama. Alisalimia, akakataa chumba, akazunguka nyuma, akafungua.

Blanketi zilikuwa zimekunjwa kama za askari. Tundu lilikuwa wazi, kidirisha upana wa kidole. Na kitandani, upande wa nje, ule alikoangukia Aksanti, kulikuwa na ukingo wa mbao. Vijiti vilipangwa kwa nafasi sawa, vimepigwa msasa mpaka havina hata kibanzi, urefu wake wa kumzuia mtoto lakini si wa kumziba mtu mzima asishuke. Kitanda kilikuwa kimeongezwa upana wa ubao mmoja. Kando ya mto wake palikuwa na mto mwingine, mdogo, na kwenye msumari wa kikombe kilining'inia kikombe cha pili, cha plastiki, chenye masikio mawili.

Alipiga simu Buffalo. Aliuliza ile mbao ni ya nini, ingawa alijua. Alisikia Gloire akiuliza ndani ya nyumba, akasikia na jibu kwa mbali, sauti ya mwanamume, lakini alisubiri aletewe kama inavyotakiwa.

"Amesema mutoto hawezi lala kwa Tate yake bila kitu cha kumuzuia asianguke." Kisha Gloire akaongeza lake mwenyewe. "Na mimi nimekubali, Mama."

Kavugho alisema sawa, akakata simu. Alipanda, akavua buti, akailaza chupa ya maji kichwa chini. Kisha akalala upande wa ukutani, amejibana, akaiacha ile nafasi nyingine wazi.